Fundo kwenye Kanga ya Somoe

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa Alhamisi, siku ya kliniki ya wajawazito, na naikumbuka kwa sababu ya fundo dogo kwenye pindo la kanga. Nimestaafu sasa, naishi hapa Kibiti, magoti yananinung'unikia kila nikiinuka, na mambo mengi ya kazi yamenitoka kichwani. Hata majina ya dawa yananipotea. Fundo lile halijanitoka. Nakueleza leo kwa sababu kesho kutwa nawe unakwenda kuripoti kituoni kwako na sare mpya ya uuguzi, na mimi nawajua watu wanaovaa sare mpya.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya hapa Kibiti, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, yalianza kujaa sabuni za rangi na betri za redio, na mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, kila mtu akainama kuchagua. Mimi nilichagua viatu vyeupe ambavyo soli zake zilikuwa bado nzima. Nilivipaka chaki kila asubuhi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo, nimepangiwa zahanati moja upande wa delta, mbali kidogo na njia ya kwenda Nyamisati, na nilijiona. Chuoni nilisifiwa kwa ulimi. Mwalimu alisema nina kipaji cha kutoa elimu ya afya, nami nikaamini kwamba kuelimisha ni kusema, na anayesema sana ndiye aliyeelimisha sana.

Sasa sikiliza habari ya udongo. Wanawake wengi wa kwetu wakishika mimba hushikwa na hamu ya kula udongo. Si udongo wowote. Wengine wanataka wa kichuguu, wengine wanabandua ukutani kwa ukucha, wengine wanaukausha kwanza jikoni. Wanaufunga kwenye pindo la kanga, wakitembea wanamega kidogo kidogo, kwa siri, maana mtu akikuona unatafuna udongo amekwisha jua kwamba una mimba. Chuoni tulifundishwa kwamba udongo ule unaleta minyoo na unaharibu damu, na kwamba tuwakataze. Hakuna aliyetufundisha namna ya kukataza, nasi hatukuuliza.

Jambo la pili unalopaswa kulijua ni utani. Ukoo wetu na ukoo wa kina Somoe, yule mwenye kanga, ni watani tangu mababu. Mtani wako anaweza kuingia uani kwako akamkamata kuku wako akaondoka naye, nawe ukacheka. Akikusimanga mbele za watu hukasiriki, maana ukikasirika wewe ndiye uliyevunja mila. Na siku ya msiba mtani ndiye anayekuja kufagia uwanja, kupika, na kuwachekesha wafiwa ili machozi yasiwamalize. Mimi, kwa ujinga wangu, nilishika ile haki ya kusimanga tu.

Basi Alhamisi hiyo Somoe akaja. Alikuwa msichana wa kama miaka ishirini, mimba ya kwanza, miezi sita. Mumewe alikuwa akikata boriti huko mikokoni, harudi nyumbani ila kwa nadra. Mabenchi yalikuwa yamejaa, na meza yangu niliiweka pale pale barazani, mbele ya wote, ili nipate upepo. Nikampindua kope. Zilikuwa nyeupe, damu haba kabisa.

"Mtani, unakula udongo?" nikamwuliza.

"Hapana, Sista."

Lakini pindo la kanga yake lilikuwa na fundo, na fundo lilikuwa na vumbi. Mwanangu, sikumwomba. Nilinyoosha mkono nikalivuta lile pindo, nikalifungua mimi mwenyewe. Donge la udongo wa kichuguu likaanguka mezani juu ya kadi yake. Nikaliinua juu, nikasimama ili hata walio nyuma waone.

"Jamani, njooni mtazame! Mtani wangu anakula nyumba ya mumewe! Akimaliza ukuta atahamia kwa jirani!"

Baraza zima likapasuka kwa kicheko. Mwanamke mmoja alicheka hata akamshika mwenzake bega. Somoe naye akacheka. Akafunika mdomo kwa kanga, akasema, "Mtani weye, huna dogo!" Nikaona mambo yamekwenda vizuri. Nikalitupa lile donge nje, nikamsomea hotuba yote ya minyoo, choo, damu, uchungu na kifo, bila kupumzika, halafu nikamwuliza kama mwalimu anayefunga somo:

"Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Nikamhesabia vidonge vya kuongeza damu, nikachukua kalamu, na kwenye kadi yake nikaandika: *Ameelimishwa. Amekubali kuacha udongo.* Hilo neno amekubali hakulisema yeye. Nililisema mimi kwa kalamu yangu.

Wiki ile nilikisimulia kile kisa kila mahali. Nilikisimulia kisimani, nikamsimulia tabibu wetu, nikawasimulia hata wageni waliopita njia wakienda kuvukia Mafia. Kila nikisimulia nilikiongezea chumvi. Waswahili walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami methali hiyo niliijua vizuri, niliitumia kuwasema watu wengine.

Kliniki iliyofuata Somoe hakuja. Iliyofuata hakuja tena. Niliudhika. Nikasema wasichana wa siku hizi wabishi, mtu unamsaidia anakukimbia, na nikajiliwaza kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hapo nilikuwa na faraja nyingine iliyonivimbisha kichwa: wanawake wengine wote waliokuja kliniki walikuwa na kanga safi, hakuna fundo hata moja. Nilikagua kwa macho benchi zima, fundo hakuna. Katika ripoti yangu ya mwezi nikaandika kwamba desturi ya kula udongo imekoma katika eneo letu. Naandika hivyo, na uso mkavu! Ukiniona leo nainamisha kichwa tukitaja ripoti, ujue ni ripoti hiyo.

Somoe alikuja mimba ilipotimia. Hakuja kwa miguu. Aliletwa asubuhi kwenye machela, wanaume wanne, ameshikwa na uchungu tangu usiku wa kuamkia siku ile. Nilipompindua kope sikuona rangi yoyote. Midomo yake ilikuwa na weupe ambao sitaki kuueleza. Tulihangaika naye mimi na tabibu na Bi Kuruthumu, mhudumu wetu wa zahanati, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kufagia na kuchemsha sindano, lakini mikono yake ilijua kuzalisha kabla mimi sijazaliwa. Mtoto alitoka kimya. Wa kiume. Tulimfuta, tukampulizia, tukamwita, akabaki kimya vile vile. Halafu mama akaanza kutoka damu, naye hakuwa na damu ya kutoka.

Kilichomwokoa ni gari la wanunuzi wa kamba wa baharini, wale waliokuwa wakija na barafu yao kutoka Dar es Salaam. Walimwaga barafu yao barabarani bila kuombwa mara mbili, wakamlaza nyuma, wakaondoka naye kwenda hospitali. Shemeji yake alimtolea damu. Alikaa huko majuma matatu. Mtoto wake alizikwa alasiri ile ile, mama yake hayupo, hakumwona hata uso.

Somoe aliporudishwa nyumbani ilinilazimu kwenda. Mimi ni mtani, na mtani haendi msibani kama mgeni. Nilibeba ufagio na ndoo, nikafagia uwanja wao, nikateka maji, nikaingia jikoni nikawasha moto. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye jamvi, nao walikuwa wananitazama, maana ilikuwa zamu yangu sasa. Mtani anatakiwa aseme neno, watu watabasamu, pumzi zishuke. Nilisimama pale na ndoo yangu. Kila neno la utani lililokuja mdomoni lilikuwa na udongo ndani yake.

Somoe alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, kanga mpaka kifuani. Alinitazama. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mbona leo hunitanii, mtani?"

Mwanangu, nimezomewa maishani. Nimepewa barua za onyo. Sijawahi kuaibika kama siku ile. Nilitua ndoo, maji yakanimwagikia kwenye vile viatu vyangu vyeupe, chaki yote ikatoka, nikaondoka bila kuaga.

Nilirudi zahanati nikamkuta Bi Kuruthumu anachemsha sindano. Nikamwambia nitaomba uhamisho. Nikaanza na kujitetea: nilimwambia Somoe ukweli, nilimpa vidonge, yeye ndiye aliyekataa kuja. Aliendelea na sindano zake mpaka nikaishiwa maneno. Halafu akaniuliza:

"Ulipokwisha kumsema siku ile, alikujibuje?"

"Alisema amesikia."

"Amesikia. Na wewe ukaandikaje?"

Nikavitazama viatu vyangu, vimelowa.

"Weye mtoto wa hapa hapa, kimekupoteza nini?" akasema. "Mtu wa kwetu akitaka mazungumzo yaishe, anasema nimesikia. Lile ni komeo. Anakufungia mlango kwa adabu. Weye umefungiwa mlango, ukaandika kwamba umekaribishwa ndani."

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya zahanati, kwenye kibanda cha kuni. Palikuwa na kikapu kimefunikwa kwa ungo. Akafunua. Ndani mlikuwa na vifurushi vidogo vidogo, kimoja kimefungwa kwa jani la mgomba, kingine kitambaa, kingine karatasi ya daftari. Sikuelewa.

"Udongo wao," akasema Bi Kuruthumu. "Kila Alhamisi wanauacha kwangu kabla ya kuja kwako. Wakitoka wanauchukua. Hakuna aliyeacha, mwanangu. Wameacha kukuonyesha tu."

Nilikaa chini pale kwenye kuni. Kwa hiyo ile ripoti yangu, ule ushindi wangu wote, ulikuwa umo ndani ya kikapu kile. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu mara mbili, na mara zote mbili nilimwagiza akaendelee kufagia. Ni kweli. Nilikumbuka hata siku zenyewe.

"Mie nimezaa sita," akaendelea, "na wote nimewalia udongo. Hukuniuliza hata siku moja ukoje. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Somoe hakufiwa na mtoto kwa udongo peke yake. Pengine si udongo kabisa, pengine ile hamu ndiyo ilikuwa inakwambia kwamba damu yake imeisha. Tabibu atajua hayo. Mie ninachokijua ni kwamba alikuwa na miezi mitatu ya kuja hapa, kupimwa, kupewa dawa, na hakuja. Aliona aibu kupita mbele ya benchi lile. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, nawe ni mwosha wa walio hai. Ukaitoa nje."

Hilo ndilo lililonikata. Sikuomba uhamisho tena. Niliihamisha meza kutoka barazani, nikaiweka kwenye chumba cha dawa chenye mlango. Joto lilikuwa kali mle, jasho linanitiririka mgongoni, na niliona ni haki yangu.

Ikapita kama miaka miwili. Siku moja ya kliniki nikaona kanga naijua, imesimama kando ya mabenchi, haikai. Alikuwa Somoe, na mimba ya miezi minne hivi. Amesindikizwa na mama mkwe. Nilimwingiza chumbani peke yake, nikafunga mlango, na kabla ya kushika kitu chochote nikamwambia yale niliyokuwa nimeyakariri miaka miwili.

"Somoe, nilikukosea. Nilikufungulia fundo lako mbele za watu. Nakuomba radhi."

Akatazama ukutani.

"Nimesikia, Sista," akasema.

Zamani ningefurahi. Safari hii nililijua lile komeo lilipoingia, na nilijua nimestahili. Basi sikubisha hodi mara ya pili. Nilimpima tumbo, nikampindua kope, nikamwambia nilichokiona na hakuna zaidi: "Damu ni ndogo, ila haijawa mbaya. Ukitaka tuizungumze, mlango ni huu." Sikuutaja udongo. Ulimi uliniwasha mwanangu, Mungu ndiye shahidi, nikaushika kwa meno. Nikampa tarehe, akaondoka.

Akarudi. Kule kurudi tu kulikuwa jambo kubwa, nami zamani sikujua kwamba ni jambo. Mara hiyo pia hatukuzungumza udongo. Ni mara ya tatu, nimekwisha kumpima, anajifunga kanga yake, akasema huku amenipa mgongo:

"Sista, ule udongo nautaka, na siutaki."

Hapo nilikuwa na vitu viwili vya kufanya. Ningeweza kusema, "Kama huutaki, acha." Ndivyo sare mpya zinavyosema. Badala yake nilivuta kigoda nikakaa chini kuliko yeye, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, nikamwuliza, "Unautaka saa ngapi hasa?" Akageuka. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Akasema adhuhuri, akiisha kula, mdomo unakuwa kama una kitu kimepungua. Na mvua ikinyesha. Mvua ikinyesha ukuta unanukia, na yeye hawezi kulala. Nikamwuliza anaogopa nini. Akasema, "Naogopa kimya cha yule mtoto." Tukalia wote wawili, na hatukupatana jambo lolote siku hiyo.

Nilimwuliza pia habari ya vile vidonge vya kwanza. Akaniambia bila kuficha kwamba alivitupa. Alivimeza siku mbili akaona choo kimekuwa cheusi, akadhani anaoza ndani. Pia vilimchafua moyo. Mimi nilijua tangu chuoni kwamba vidonge vile vinafanya choo kiwe cheusi na havina madhara kwa hilo. Nilijua, na mpaka siku hiyo sikuwa nimemwambia. Nilikuwa na shughuli ya kuchekesha baraza.

Aliyepanga mpango ni yeye. Mimi niliuliza tu, "Unaona uanzie wapi?" Akasema hawezi kuacha ghafla, lakini anaweza kuacha wa asubuhi, akabakiza wa adhuhuri. Nikamwambia sawa. Adhuhuri, hamu ikija, atafune kwanza mihogo mikavu au amumunye ukwaju, na ikiwa bado anautaka, hapo tena ni shauri lake. Tulikubaliana kidonge akimeze wakati wa kulala, kwa maji ya ukwaju na si kwa chai, maana chai huipunguzia dawa nguvu. Dawa ya minyoo nilimpa. Mama mkwe nilimwita naye, kwa ruhusa ya Somoe, nikamwomba amwekee dagaa na kisamvu kwenye sahani yake, maana mwanamke peke yake hawezi kupambana na jiko la nyumba nzima. Yule mama mkwe alinikazia macho, alikuwa hajanisamehe, lakini dagaa aliweka.

Ilikwenda vizuri wiki nne. Halafu zikanyesha mvua za kwanza.

Alikuja siku isiyo ya kliniki, kanga imelowa, akasimama mlangoni. Pindo lake lilikuwa na fundo. Akaingia, akakaa, akaliweka lile pindo juu ya meza yangu, pale pale nilipolivuta siku ile. Mikono yangu niliiweka nyuma ya mgongo, mwanangu, kweli, niliifumba kwa nyuma. Akalifungua mwenyewe, taratibu, kwa kucha. Donge likatoka.

"Siku tatu," akasema. "Asubuhi na adhuhuri na jioni. Ukuta ulinukia, nikashindwa. Nimerudi mwanzo."

Nikamwambia, "Aliyejikwaa njiani hajarudi nyumbani, Somoe. Vidonge je?"

"Nameza. Kila siku."

"Basi hujarudi mwanzo."

Halafu nikamwuliza kama naweza kuonja. Akashtuka, akadhani namtania. Nikamega kipande kidogo kuliko punje ya mchele nikaweka ulimini. Si ushauri wa kitaalamu huo, usije ukasema nimekufundisha! Lakini nilitaka kujua. Una ladha ya maji baridi ya mtungini. Nikamwambia nimeelewa kidogo, na nilikuwa nimeelewa kidogo kweli. Tukaanza tena tulipoachia. Hamu yenyewe ilipungua mwezi wa nane wa mimba, damu ilipopanda, na wala si maneno yangu yaliyoipunguza.

Akajifungua alfajiri. Mtoto wa kike, na alilia kabla hajamaliza kutoka, kelele za kuamsha kijiji. Bi Kuruthumu akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kitovu na siwezi kuona vizuri kwa machozi, ndipo nikamsikia Somoe nyuma yangu:

"Mtani, mtazame vizuri huyo. Akianza kula ukuta wangu namleta kwako ale zahanati."

Alinitania yeye. Nilitaka kumrudishia, nikashindwa, nikabaki nimeshika mkasi. Akangoja. Halafu akasema kwa sauti nyingine, ya chini, wala Bi Kuruthumu hakusikia:

"Lile neno uliloniambia siku ile chumbani, ulipofunga mlango. Nimekubali."

Hilo sikuliandika kwenye kadi. Halikuwa la kadi.

Usidhani hapo nilipona, mwanangu. Yule binti sasa ana watoto wake, naye akinipita sokoni ananiamkia, "Shikamoo bibi mtani," moyo wangu unafurahi. Lakini kila nikimwona huhesabu na umri ambao kaka yake angekuwa nao. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuna kaburi fupi kule upande wa delta, na mimi nina sehemu katika kulichimba, hata kama sikushika jembe.

Basi chukua haya. Ukimwambia mgonjwa aache jambo, jua kwamba kwake lile jambo lina saa yake, ladha yake na sababu yake, uulize kwanza. Akikwambia nimesikia, usiandike amekubali. Andika amesikia, na umpe tarehe ya kurudi. Asiyeko tayari leo usimsukume na usimfukuze. Anayetaka na hataki, kaa naye hapo hapo kwenye kutaka na kutotaka, usimharakishe. Aliye tayari, mwache apange yeye, wewe ushike taa. Akianguka, asiogope kuja kukuonyesha alipoanguka, maana siku akiogopa, utakuwa na kliniki safi na kikapu kimejaa nyuma ya nyumba. Na utani, kicheko, ulimi mwepesi, vyote ni vyako, vitumie kumbeba mtu. Usivitumie kumvua nguo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu aipe mikono yako subira, ikutane na mafundo mengi na isilivute hata moja, ingoje mwenyewe afungue. Na watoto watakaopita mikononi mwako, awajalie wote walie.